Mtandao wangu una watu 4,100 na hakuna anayesalimia

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 28. Kwetu ni Singida, ila huu ni mwaka wa tatu niko Mwanza kwa kaka yangu, ambaye ni mwalimu wa sekondari. Nimesoma kompyuta, na tangu nikiwa chuoni nilikuwa na wazo moja tu: mtandao wa kijamii wetu wenyewe, wa Kiswahili kuanzia mlangoni hadi jikoni.

Mimi na wenzangu wawili tuliujenga kwa miezi kumi na minne. Kaka alitoa milioni 4 alizokuwa ameweka za kupaulia nyumba, mama akauza ng'ombe wawili, nami nikaongezea vipesa vya kibarua changu cha kufunga kamera za ulinzi. Jumla imekwenda kama milioni 9. Jina la mtandao nalihifadhi, Mjomba, maana naona aibu. Lakini kazi yenyewe ni nzuri. Kuna picha, video, stori zinazokaa saa 48 badala ya 24, magrupu yasiyo na kikomo cha watu, sehemu ya kuuzia vitu, na hatuuzi taarifa za mtu kwa yeyote. Kila aliyeiona programu alisema ni kali.

Tuliifungua Machi mwaka jana. Tulimlipa dada mmoja maarufu wa Instagram laki 9 atutangaze, na ndani ya siku tatu watu 2,700 wakapakua. Usiku ule hatukulala kwa furaha. Wiki mbili baadaye ukawa ukimya. Leo waliojiandikisha wamefika 4,100, wako kila mkoa, lakini wanaoingia kwa siku ni 50 au 60, na siku nyingine hawafiki hata 15. Ukifungua unakuta picha ya mtu ya mwezi uliopita, imependwa na mimi, mwenzangu na kaka. Nimewapigia simu baadhi ya waliotoka. Jibu lao moja: "Apu yako nzuri kaka, ila watu wangu wako kule."

Hata hao wachache wanaoingia kila siku ni tatizo. Ni wafanyabiashara wa dagaa wa hapa Kirumba, Mwaloni, na sijui hata waliingiaje. Wamejaza ukurasa wa mbele na picha za magunia, bei, na habari za malori, "mzigo wa Kongo unapakiwa kesho". Mwenzangu anasema wanatuharibia sura, kijana akifungua anadhani kaingia soko la samaki. Tunafikiria kuwahamishia ukurasa wa ndani. Halafu kuna jambo limetushinda kabisa: karibu kila mwezi kuna siku nane hadi kumi programu inalala kama umeme umekatika. Tumekagua seva, yaani kompyuta inayobeba programu, mara tatu, tukahama hata kampuni tuliyokuwa tunakodi, hali ni ileile.

Sasa mwenzangu amepata kampuni ya mikopo iliyo tayari kutupa milioni 8 kwa dhamana ya hati ya kiwanja cha kaka, ili tumlipe msanii mkubwa atutangaze. Pia anataka tutengeneze akaunti hewa 500 ili mgeni akiingia akute pamechangamka. Mwenzetu wa tatu ameshajitoa, amepata ajira Dodoma. Kaka bado ananivumilia, ila shemeji hanisemeshi tangu pesa ya bati ilipotoka. Nikope, au nifunge?

Duka Tupu, Mwanza

*

Marahaba mpwa wangu,

Nianze na kiwanja, kwa sababu hicho hakisubiri. Hati ibaki kabatini. Anayekupa milioni 8 kwa biashara isiyoingiza hata shilingi hajaipenda programu yako, amekipenda kiwanja. Mitaani mikopo ya namna hiyo tunaiita kausha damu, na naamini shemeji yako analijua jina hilo. Isitoshe, piga hesabu mwenyewe. Laki 9 zilikuletea watu 2,700. Kwa bei hiyohiyo, milioni 8 zitakuletea 24,000, nao watatokea mlango uleule waliotokea wa kwanza, maana ndani hujabadilisha kitu.

Sasa tuzungumze. Umeniorodheshea sifa za programu kama mtu anayeuza nyumba: vyumba vitano, choo cha ndani, maji ya bomba. Sina shaka nazo. Ila mwaka 2011 Google walifungua mtandao wao, Google+, wakiwa na fedha zisizohesabika, wahandisi kutoka kila pembe ya dunia, na mamia ya mamilioni ya watu waliokwisha kuwa na akaunti zao za barua pepe. Nao ulikuwa na vyumba vizuri. Oktoba 2018, walipotangaza kuufunga kwa watumiaji wa kawaida, walikiri wenyewe kwamba katika kila mara 100 mtu alipoingia, mara 90 hakumaliza sekunde tano. Sekunde tano, mpwa wangu, ni muda wa mtu aliyekosea mlango. Aprili 2019 wakaufunga. Kwa hiyo usikae usiku kucha ukijiuliza ni rangi gani ya kitufe uliyokosea.

Lile jibu ulilopewa kwenye simu, "watu wangu wako kule", lina hesabu ndani yake. Watu kumi wanaojuana wana nyuzi 45 za kuzungumza kati yao. Wakifika 25, nyuzi ni 300. Watu wako 4,100 wametapakaa kutoka Mtwara hadi Kagera, na kama hawajuani, nyuzi zao unaweza kuzihesabu kwa vidole. Kila mmoja alifika, akapiga hodi, hakuitikiwa, akarudi kwao. Ungefanya nini wewe?

Nilikuwa na kibanda cha intaneti pale Moshi miaka ile ya mtandao wa kijamii wa hi5. Vijana wa leo hi5 hawaijui, lakini karibu mwaka 2008 ungeingia kwangu jioni ungekuta kompyuta zote nane ziko hi5, watu wanapamba kurasa zao kwa nyota na mioyo. Facebook ilipoanza kuingia, sikuona mteja akihama peke yake akakaa. Aliyehama peke yake alirudi hi5 kesho yake. Mpaka siku moja walikuja wanafunzi wa chuo, kundi zima la mwaka wa kwanza, wakafunguliana akaunti palepale huku wakielekezana kwa makelele. Hao hawakurudi. Tangu siku ile najua kuhama mtandao ni kama kuhamisha ng'ombe: ukimvuta mmoja kwa kamba utahangaika naye kutwa, likitoka zizi zima huna haja ya kamba.

Facebook yenyewe ilianza hivyo. Februari 2004 ilifunguliwa kwa wanafunzi wa chuo kimoja tu, Harvard, na ndani ya mwezi mmoja zaidi ya nusu ya wanafunzi wa shahada ya kwanza pale walikuwa wamejiunga. Ikaenda chuo kwa chuo, na mlango haukufunguliwa kwa kila mtu mpaka Septemba 2006. Wakati huo mtandao wa MySpace ulikuwa mkubwa kuliko wao, lakini ndani ya Harvard MySpace haikuwa kubwa, na kwa mwanafunzi wa Harvard hapo ndipo palikuwa dunia. WhatsApp nao, mwaka 2009, hawakumwambia mtu atafute marafiki upya. Walichukua namba zilizomo kwenye simu yake, akafungua akamkuta mama yake tayari yumo. Wewe umeanza na Watanzania wote milioni sitini na kitu. Ni mapenzi ya nchi, sikukatalii, ila Watanzania wote si kundi linalojuana.

Na ugumu wa kumtoa mtu alikozoea hata hasira haiumalizi. Januari 2021 WhatsApp walipotangaza masharti yao mapya, dunia ilichafuka, watu kwa mamilioni wakapakua Signal na Telegram. Na mimi nikapakua Signal, kwa kiapo. Nikawakuta watu watatu ninaowajua, mmoja wao mwenye nyumba wangu wa zamani ambaye tulikuwa hatujamalizana habari ya kodi. Baada ya wiki mbili nilikuwa nimerudi WhatsApp kimyakimya, kwa sababu kamati ya harusi ya binti wa dada yangu ilikuwa huko, na michango haingojei msimamo wa mtu.

Stori za saa 48 nazipitia haraka. Agosti 2016 Instagram walichukua stori za Snapchat kama zilivyo, na mwanzilishi wao Kevin Systrom akasema hadharani kwamba sifa ni za Snapchat. Snapchat walikuwa na mamilioni ya watu na bado walitikisika. Kitu ambacho mkubwa anaweza kukinakili kwa wiki tatu usikiite silaha.

Kuna kizingiti kingine ambacho hukukitaja na nadhani kinakula watu wako kuliko unavyojua. Bando. Wateja wengi mitaani hununua kifurushi cha mitandao ya kijamii, na kifurushi kile kinafungua mitandao mikubwa kama WhatsApp, Facebook na Instagram, basi. Programu yako inakula MB za kawaida, zile za kuhesabiwa. Tena simu yenyewe ina nafasi ndogo, imejaa video za magrupu, na siku ikiandika imejaa, cha kwanza kufutwa ni wewe. Video zinazojicheza zenyewe ukurasa wa mbele ziondoe leo hii.

Nimefika kwa wauza dagaa, na hapa, samahani, nilicheka peke yangu hadi mke wangu akaniuliza kuna nini.

Seva yako haina ugonjwa. Ni mbalamwezi.

Wewe ni mtu wa Singida, hukuzaliwa ziwani, kwa hiyo nakusamehe, lakini huyo mwenzako kama ni wa Mwanza mwulize alikuwa anaangalia wapi. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wakafuata mwanga ndipo wavu unapowazoa. Mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote lina mwanga, taa haimvuti dagaa, na wengi hupaki mitumbwi kwa wiki moja na zaidi. Mzigo haushuki, bei haina cha kutangazwa, lori halipakii. Ndiyo hizo siku zako nane hadi kumi. Chukua kalenda, linganisha. Ulihama hadi kampuni ya seva kwa ajili ya mwezi!

Unaelewa maana yake? Wengi wa wanaokutembelea kila siku wako kazini. Hukuwalipa laki 9 wala hukuwaalika, na hata ulipokuwa unapanga kuwaficha ukurasa wa ndani waliendelea kuja. Hao ndio kundi zima linalojuana. Mwaloni ni soko linalopeleka dagaa Kongo, Burundi, Rwanda na nchi nyingine jirani, na hapo katikati kuna mvuvi, kuna mama wa kuanika, kuna dalali, mpakiaji, mwenye lori na mnunuzi wa ng'ambo, na kila mmoja anataka kujua asubuhi bei imeamkaje. Wewe unawaona ni uchafu sebuleni. Mimi naona ndio wenye nyumba, wewe ni mpangaji wao.

Kwa nini wamekuja kwako wakati WhatsApp wanayo? Sijui, na hata wewe hujui, na hilo ndilo swali pekee la kulilipia nauli mwezi huu. Naweza kubahatisha. Grupu la WhatsApp lenye watu mia kadhaa, bei ya asubuhi ikiandikwa saa mbili, saa nne imeshafunikwa na dua, vichekesho na matangazo ya misiba. Kwako pengine bei inabaki inaonekana. Pengine kile kisehemu cha kuuzia vitu, mlichokiweka mwisho kwa kujazia, ndicho walichokipenda. Pengine kuna mama mmoja tu mwenye sauti pale sokoni aliyesema "wekeni kule", wakaweka. Usinikubalie mimi. Nenda ukae nao, kompyuta uiache nyumbani, ushike simu kama wanayoshika wao, umwombe mmoja aandike bei ya leo huku ukimtazama anavyohangaika. Usimsaidie. Mahali vidole vyake vinapokwama ndipo pana kazi yako.

Hao 4,000 wengine usiwafukuze, ila usiwajengee kitu kwa sasa. Mnyororo mmoja wa dagaa ukikaa sawa Mwanza, mwenzao wa Musoma na Bukoba yuko kwenye biashara ileile na wanajuana tayari. Kukua kwako kutafuata barabara za dagaa.

Akaunti hewa, sasa. Huenda mwenzako amesikia kwamba mtandao wa mijadala wa Reddit walifanya hivyo, na ni kweli: walipoanza mwaka 2005 waanzilishi walikuwa wanaweka viungo vya kurasa za mtandaoni wenyewe kwa majina mengi ya kubuni ili pasionekane patupu. Lakini kilichowekwa kilikuwa kitu cha kusomwa, na msomaji hakuhitaji kukutana na aliyekiweka. Kwako dalali atauliza "gunia bei gani?" kwa mtu asiyekuwepo duniani, asubiri jibu na lori linanguruma. Akigundua, habari itazunguka soko zima kabla ya saa sita, na hapo hata mbalamwezi ikiisha hawarudi. Mwambie hapana.

Usiniambie kwamba mtandao wa hapa kwetu hauwezi kusimama. JamiiForums imeanza mwaka 2006 na bado watu wanaitaja kila siku. Ila angalia ilisimamia nini: mtu aliingia kusoma mjadala wa Kiswahili ambao magazeti hayakuubeba, akiwa na jina la kubuni. Hakuhitaji kumkuta shangazi yake humo, kwa kweli aliomba asimkute. Ni njia nyingine kabisa ya kukwepa lile tatizo la "watu wangu wako kule", na ina gharama yake pia. Mwanzilishi wake mmoja, Maxence Melo, alikamatwa Desemba 2016 na kufikishwa mahakamani, na moja ya mambo yaliyobishaniwa ni taarifa za watumiaji ambazo polisi walizitaka. Nakutajia hilo kwa sababu umejisifu huuzi taarifa za mtu. Vizuri. Sasa, unazitunzaje? Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na tume yake, na anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili. Kuna na kanuni za maudhui ya mtandaoni. Tafuta mwanasheria kijana umlipe kwa kumtengenezea tovuti, akusomee vyote viwili kabla hujapokea shilingi ya mtu.

Nikuonye kidogo, usije ukaondoka hapa na moto kupita kiasi. Mxit ya Afrika Kusini, iliyotokea Stellenbosch, ilikuwa na kundi lake hasa: vijana wenye simu za vitufe waliotaka kuchati kwa senti badala ya bei ya SMS. Ilipendwa kweli. Simu zikabadilika, WhatsApp ikaingia nayo ikawa rahisi vilevile, na mwaka 2015 Mxit ikatangaza kusimamisha biashara. Dagaa nao wanaweza kuhama. Ndiyo maana nasema jipe mizunguko mitatu ya giza, miezi mitatu, si mwaka. Seva irudishwe kwenye kifurushi kidogo kabisa, kibarua cha kamera uendelee nacho, na usiongeze hata kitu kimoja ambacho Mwaloni hawajakuomba. Mwisho wa giza la tatu mwulize mmoja wao kama yuko tayari kulipa hata elfu mbili kwa mwezi. Wakikataa wote, funga, na hutakuwa unadaiwa zaidi ya unavyodaiwa leo.

Kuhusu kaka, andika deni lake kwenye karatasi, milioni 4, ukaweke sahihi mbele ya shemeji. Mbele yake hasa. Anza kulipa hata elfu hamsini ya kibarua. Ng'ombe wa mama tutawazungumza siku nyingine, najua mama atakwambia hakudai, nawe usimwamini.

Giza la mwezi huu likianza, uwe Mwaloni alfajiri. Vaa gambuti. Na ukitoka, nunua sado moja ya dagaa waliokauka vizuri, upite nayo jikoni kwa shemeji kabla hujafungua simu.

Mjomba